Mwanamke Aliyeota Ndevu na Sindano ya Umeme

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh wetu. Mimi ni msichana wa miaka 27, nakaa Wete, Pemba, nafundisha skuli. Tangu nina miaka 18 naota ndevu kidevuni na chini ya taya, nyeusi na nzito. Kila alfajiri nazinyoa kwa wembe kabla sijatoka, na sasa ngozi imejaa vipele na weusi. Nimeshachumbiwa, harusi tunatarajia Mfungo Sita, yaani mwezi wa Rabiul Awwal. Rafiki yangu kanambia Dar es Salaam wako wanaoondoa nywele kwa sindano ya umeme, zisiote tena milele. Shangazi yangu kasema nikifanya hivyo nitaingia katika laana iliyotajwa kwenye hadithi, kwa kuwa nabadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Kasema wembe ni afadhali kwa sababu nywele zinarudi. Naomba unieleze hukumu yake, na nikienda nitarajie nini. Inauma? Mara moja inatosha? Nyusi na sehemu za siri naweza kufanyiwa pia? Na je, nimwambie mchumba?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Nitangulize jibu lenyewe, usije ukasoma yote haya na hofu moyoni. Kuondoa ndevu zilizokuota inajuzu, na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tuliyowakuta nayo wazee wetu Unguja na Pemba, ni jambo linalopendekezwa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika kitabu chake cha kuifafanua Sahihi Muslim amesema wazi kwamba katazo la kunyofoa nywele za uso halimgusi mwanamke aliyeota ndevu au masharubu. Huyo ni mustahabu kuziondoa. Akamtaja Ibn Jarir Tabari, ambaye rai yake ilikuwa kukataza, kisha akasema madhehebu yetu ni hayo aliyoyatanguliza. Basi ikhtilafu, yaani tofauti ya rai, ipo na ni ya zamani, lakini wewe umesimama mahali palipo wazi.

Hadithi aliyoikusudia shangazi yako ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Masud, Allah amridhie. Imewalaani wanaochanja miili kwa rangi na wanaochanjwa, wanaotinda nyusi na wanaotindwa, na wanaoachanisha meno kutafuta uzuri, wenye kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Wanazuoni wameeleza kuwa linalolaaniwa hapo ni kuuchezea mwili ulio sawa kwa kutafuta urembo. Ama kinachofanywa kwa matibabu au kuondoa aibu iliyomshukia mtu, hicho kimetoka katika katazo. Sahaba Arfaja bin Asad alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za Ujahiliya, kabla ya Uislamu, akatengeneza pua ya fedha ikamtoa harufu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru atengeneze ya dhahabu, nayo dhahabu asili yake ni haramu kwa wanaume. Mwili wenye kasoro ulipewa nafasi hiyo, seuze nywele za kidevu.

Sasa hili la kudumu, ambalo ndilo lililomtia hofu zaidi shangazi yako. Sikubaliani naye. Kudumu na kutodumu si kipimo cha uharamu wa jambo hili. Kutinda nyusi hakudumu, nyusi zinarudi baada ya wiki chache, na bado kumekatazwa. Kutahiri kunadumu umri mzima, na ni katika sunna za fitra. Kitu ambacho sheria imependekeza kiondoke, hakiwi haramu kwa sababu kimeondoka kisirudi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nawajua wanawake katika visiwa hivi walioacha hata kwenda harusini kwa aibu ya kidevu, na juu ya aibu hiyo wakabebeshwa neno laana. Mwanamke kaambiwa kalaaniwa kwa jambo ambalo Nawawi amelipendekeza! Mfikishie shangazi yako maneno haya kwa adabu. Naamini alichokusudia ni kukuhurumia.

Nikija kwenye sindano yenyewe, wanazuoni wamesema kutoa hukumu juu ya kitu ni tawi la kukijua, kwa hiyo nimewauliza wajuzi wa ngozi na nitakueleza nilivyofahamishwa. Njia hii si ngeni. Iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1875 na Charles Michel, tabibu wa macho wa mji wa St. Louis, Marekani, aliyekuwa akiwatibu watu ambao kope zao zimegeukia ndani na kulikwaruza jicho, kama wanavyopatwa baadhi ya wagonjwa wa vikope (trakoma). Kwa hiyo imezaliwa katika tiba, na urembo umeifuata nyuma.

Sindano ni nyembamba kama unywele wenyewe. Haitoboi ngozi mahali papya. Inashuka katika kile kitundu ambamo unywele umeota mpaka kwenye shina, kisha umeme kidogo unapitishwa. Umeme huo ama unaliunguza shina kwa joto, ama unayageuza maji na chumvi iliyomo humo kuwa magadi makali yanayoliua shina, na wengine huchanganya njia zote mbili. Halafu unywele unatolewa kwa kibano. Hapa shika alama moja: unywele uliouliwa shina unateleza wenyewe. Ukihisi unavutwa na kuuma kama unavyong'oa nyumbani, basi huo umeng'olewa tu na utarudi, mwambie anayekuhudumia.

Unywele mmoja mmoja, binti yangu. Hakuna kufagia kidevu kizima kwa mpigo. Na nywele haziko zote katika hali moja. Nyingine zinakua, nyingine zimelala chini ya ngozi kama mbegu zinazongoja mvua, na sindano haiwezi kuifikia ile ambayo haijachomoza. Ndiyo maana mara moja haitoshi, wala mara tano. Kikao huwa cha dakika 15 mpaka saa nzima, mwanzoni kila wiki au kila wiki mbili, baadaye kwa nafasi kubwa zaidi, na kwa kidevu kama chako kazi huchukua mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu, pengine zaidi. Kwa hiyo usiifunge sindano na tarehe ya harusi. Mfungo Sita ukifika utakuwa umepata nafuu, lakini hutakuwa umemaliza, na anayekuahidi kukumalizia ndani ya vikao viwili vitatu usimpe pesa yako.

Na wewe uko Wete. Piga hesabu ya boti mpaka Unguja, na ya pili mpaka Dar es Salaam, na malazi, na mahramu wa kufuatana nawe, yaani ndugu wa kiume asiyeweza kukuoa, na siku utakazokosa skuli. Wapo wanaowapangia watu wa mbali vikao virefu vyenye miezi kati yake. Uliza hilo kwa simu kabla hujasafiri. Ikiwa hesabu inakupeleka kwenye mkopo wa riba, hapo nakuzuia. Jambo la mustahabu halihalalishi riba.

Inauma, ndiyo. Walioifanya wanaitaja kama mchomo mfupi wenye joto, tena na tena, na juu ya mdomo ndipo panapouma zaidi. Ipo dawa ya ganzi ya kupaka kabla. Ukitoka, ngozi itakuwa nyekundu na kuvimba kidogo kwa saa kadhaa au siku moja mbili, na huenda vikatoka vigaga vidogo. Usivibandue. Siku hizo kaa mbali na jua kali, maji ya bahari, vipodozi na singo ya kusugulia mwili, na mwambie somo wako, yule kungwi wa harusi, mapema ili maandalizi yasigongane na tiba. Wiki chache kabla ya kikao cha kwanza acha uzi, kibano na sukari ya kuondolea nywele, kwani sindano inahitaji kuukuta unywele ndani. Wembe unaruhusiwa kati ya vikao, na si kweli kwamba unazidisha ndevu. Ncha iliyokatwa butu ndiyo inayoonekana nene.

Ngozi zetu nyeusi zina hukumu yake ya kitabibu. Huweka mabaka zikijeruhiwa, na wapo ambao kovu dogo linawafura likawa nundu. Ikiwa uliwahi kutoga sikio au kuchanjwa pakafura, mwambie tabibu kabla ya yote, na omba wajaribu sehemu ndogo kwanza. Vilevile mwenye kifaa cha umeme cha moyo asiiguse njia hii, na mjamzito amwulize daktari wake. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya macho yako na itupwe baada yako. Homa ya ini na ukimwi vinapita kwenye sindano iliyotumika. Mtume amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana, na anayekwenda kwa fundi asiyejulikana kwa sababu bei ni rahisi anajidhuru kwa mkono wake. Huenda ukaambiwa pia kuhusu leza. Leza inafuata weusi wa unywele, kwa hiyo ngozi nyeusi inaweza kuungua ikiwa mashine si ile inayofaa ngozi zetu, haina kazi kwa mvi, na kazi yake zaidi ni kupunguza nywele kuliko kuzimaliza kabisa. Ama mkorogo wa kufuta ule weusi wa kidevu, huo uache kabisa.

Kabla ya yote hayo, nenda hospitali. Nasikitika kuwa hujanitajia kama umewahi kupimwa, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine. Ndevu nzito kwa msichana mara nyingi ni ishara ya homoni, na sababu inayoonekana zaidi ni ile hali ya ovari kuwa na vifuko vingi vidogo, ambayo humpata kiasi cha mwanamke mmoja katika kumi walio katika umri wa kuzaa. Je, hedhi yako inakuja kwa mpangilio? Umeongezeka uzito bila sababu? Hali hii inaambatana na hatari ya kisukari, na inaweza kuchelewesha mimba, ingawa inatibika na wengi wenye nayo wanazaa. Sindano inaua shina lililopo. Homoni zikiendelea kupanda zinaweza kuamsha mashina mengine jirani, nawe ukadhani umedhulumiwa pesa yako. Anzia Chake Chake au hapo hapo Wete, na wakikupeleka hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, nenda. Mtume ametuamrisha tujitibu, na hapo ndipo tiba inapoanzia.

Nyusi ziache. Ndani ya madhehebu yetu wapo waliolegeza kwa mwanamke aliyeolewa akiwa na idhini ya mumewe, na wewe hujaolewa bado. Tena nyusi zilizouliwa mashina hazina marejeo ukijutia. Sehemu za siri, kuziondoa nywele zake ni sunna, na Anas bin Malik amesimulia muda usipindukie siku 40. Lakini wembe au dawa ya kupaka vinatosheleza ukiwa peke yako chumbani, hivyo hakuna dharura ya kumfunulia mtu mwingine, hata mwanamke mwenzako, kilicho baina ya kitovu na magoti. Hilo silijuzishi. Makwapa yanajuzu mbele ya mwanamke.

Anayekuhudumia usoni awe mwanamke. Ukimkosa kabisa, na tabibu akaona tiba inahitajika, basi mwanamume mwaminifu, mahramu wako akiwepo chumbani, na kwa kadiri ya haja tu. Kumbuka kuguswa na mwanamume asiye mahramu kunakutengua udhu kwa madhehebu yetu. Tone la damu linalotoka kidevuni halitengui udhu, ila lisafishe kabla ya sala. Dawa ya ganzi ioshe ili maji yafike kwenye ngozi, na kigaga pitisha maji juu yake, hulazimiki kukitoa. Tabibu akikukataza maji kwa saa kadhaa, osha palipo pazima na utayamamu, yaani ujitoharishe kwa udongo, kwa pale palipobaki. Nywele zilizotolewa ni tohara, na ukiweza kuzifukia ni bora. Saumu haibatiliki kwa sindano hii wala kwa dawa ya kupaka, bali kidonge cha maumivu ukikimeza mchana umefungua.

Kuhusu mchumba: ndevu si katika aibu zinazompa mtu haki ya kuvunja ndoa ambazo mafakihi wetu, wanazuoni wa sheria, wamezihesabu, kama wazimu na ukoma, kwa hiyo hukulazimika kuzitangaza. Akikuuliza, usiseme uongo. Ila vipimo vikionesha jambo linalogusa uzazi, hapo nakunasihi umwambie kabla ya akdi ya kufunga ndoa, wewe mwenyewe au kupitia walii wako atakayekuozesha, kwa maneno ya daktari na si ya mtaani. Mwanamume atakayekuwa anakusindikiza kwenye boti kila baada ya miezi kadhaa ana haki ya kujua anakwenda wapi na kwa nini, na huenda akawa msaada wako mkubwa kuliko unavyodhani. Ukishapata majibu ya hospitali niandikie tena, kwani baadhi ya niliyoyasema yatategemea hayo.

Wallahu aalam.