Utando wa njano unaofutika kwa kidole

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasoma chuo hapa Iyunga, Mbeya. Natengeneza utando mwembamba wa kadmiamu salfaidi juu ya slaidi za kioo kwa bafu ya kemikali, yaani kwa kuzamisha slaidi kwenye myeyusho wa moto. Ulipochelewa kutokea niliongeza chumvi ya kadmiamu mara kumi, nikaacha bika lichemke. Njano imekolea vizuri, ila ukiugusa unatoka kama chaki. Wenzangu wanasema niuchome kwenye oveni ili ushike. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba. Usiuchome. Hayo ni mashapo yaliyotua juu ya kioo, na oveni haiwezi kuyageuza utando. Moto mkali kwenye hewa ya kawaida utakuletea kadmiamu oksaidi juu yake.

Kinachochosha ni hii imani kwamba njano ikikolea basi kazi imekubali. Utando mzuri wa nanomita 50 hadi 100 una njano hafifu, unasoma maandishi kupitia kwake, na selotepu ikibanduliwa haung'oki. Hujengeka ayoni kwa ayoni juu ya kioo chenyewe. Amonia huzishika ayoni za kadmiamu na kuziachia kidogo kidogo, huku thayourea ikitoa salfaidi polepole. Ukiharakisha, chembe zinaungana majini kabla ya kufika kwenye kioo. Na kuchemsha! Kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka karibu nyuzi 94, lakini amonia inakuwa imeshatoroka kitambo. Kadmiamu inabaki huru na mashapo yanaanguka kwa mpigo.

Kwa myeyusho wa mililita 200 chukua kadmiamu salfeti yenye maji ya fuwele gramu 0.08, amonia ya asilimia 25 mililita 22, na thayourea gramu 1.14. Yeyusha kadmiamu, tia amonia kidogo kidogo hadi ukungu utokee kisha utakate, thayourea iwe ya mwisho. Funika bika, liweke ndani ya sufuria ya maji, nyuzi 65, kipimajoto kikiwa ndani ya bika, si kwenye sufuria. Slaidi isimame wima, iwe imeoshwa kwa sabuni, asetoni na maji yaliyokenekwa. (Yale ya dukani yanayoitwa maji ya betri, soma lebo, mengine ni asidi.) Itoe baada ya dakika kama 15, myeyusho ukianza kuwa na ukungu wa njano. Ukitaka unene, tengeneza bafu jipya urudie.

Hizi resipe za kwenye simu zinazotaja molari (ukolezi wa myeyusho) bila ujazo, bila kiasi cha amonia, zinaharibu vijana wengi. Mtu anapeleka unga kwenye spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaopita, unga unatawanya mwanga, mchoro unalala, halafu anaripoti pengo la nishati (nishati ya chini kabisa ya mwanga ambayo kitu huanza kuifyonza) lililo mbali na elektrovolti 2.42 za kadmiamu salfaidi na kuliita ugunduzi. Wengine humwaga mabaki kwenye sinki. Kadmiamu ni sumu inayokaa kwenye figo miaka mingi: vaa glavu, fanyia kazi chini ya kabati la kuvuta hewa, hifadhi mabaki kwenye chupa yenye lebo, na usiyatie asidi, kwani yatatoa gesi ya salfaidi ya haidrojeni.