Nilijitambua, na bado nikamwonea

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, kijana akifundishwa kutambua hisia zake ataacha kuonea wenzake?", limenikuta na kidonda kibichi. Jumatano niliitwa shuleni kwa mwanangu wa kidato cha pili. Yeye na wenzake wawili walimfungia chooni mtoto wa kidato cha kwanza jioni nzima. Njiani kurudi nikamfokea, "Wewe hujitambui?" Akajibu kwa upole kabisa: "Najitambua, mama. Nilitaka wacheke."

Basi wasiojitambua nawaachia wengine. Mimi nawasemea tunaojitambua.

Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha tatu, bweni la wasichana, Nyanda za Juu Kusini. Aliyesoma bweni anamjua njuka, yaani mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza: anakuchotea maji, anakutandikia, anakuamkia shikamoo hata kama mmepishana mwaka mmoja. Siku ya wazazi, mwezi Mei, baridi imeshaanza, nilikuwa nimemtangazia kila mtu kwamba baba anakuja. Nikakaa kwenye gogo karibu na geti tangu saa tatu asubuhi. Hakuja. Alikuwa ameshahamia kwa mke mdogo, ada nalipiwa na mjomba, na hilo bwenini nilikuwa nimelificha. Baba wa njuka wangu alikuja kwa baiskeli, mguu wa suruali umebanwa kwa kibanio cha nguo, kuku wa kukaanga kwenye hotipoti iliyofungwa kwa kanga. Aliniita "mwanangu", akaniomba nimwangalizie binti yake.

Usiku, baada ya prepo, kipindi cha kujisomea, nikampa huyo binti njiti ya kiberiti apime bweni. Kutoka mlangoni hadi kitanda cha mwisho, kwa magoti, juu ya saruji, akihesabu kwa sauti. Akifika mia na ushee namuuliza: baiskeli ya baba yako ina kengele? Ina taa? Hesabu inampotea, anaanza upya. Mara ya kwanza wenzangu walicheka. Mara ya pili wakajifunika mablanketi. Mara ya tatu tulibaki mimi, yeye na koroboi. Alimaliza: njiti mia nne na kumi na mbili. Nikamuuliza anajisikiaje.

"Vizuri, dada."

Sasa msikie hili. Kabla sijamwita, nilikuwa nimeandika nyuma ya kaunta buku langu: "Leo nina wivu mpaka kifua kinauma." Sikuandika hasira, niliandika wivu. Wivu nilikuwa naujua, fedheha nilikuwa naijua, kinyongo pia. Na kwa kuwa nilijua panaponiuma mimi, nilijua pa kumbinya yeye. Mjinga angemzaba kofi tu, yakaisha.

Matroni alipata habari. Mwalimu wa nidhamu akanichapa viboko kumi na viwili (kanuni ya kutozidi vinne ilikuja 2002), na vyote nilivihamishia kwa njuka wiki iliyofuata, kwa njia zangu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwajibu hapana, kisha nifunge bahasha. Ila narudia nilichoandika, naona lile daftari halikusomwa na mtu yeyote. Angekuwapo mwalimu wa ushauri nasaha asiyeshika fimbo, huenda ningemwonyesha. Huenda pia ningemdanganya, maana nilikuwa hodari. Kwa hiyo ndiyo, wafundisheni, kwa sababu mtoto asiyejua jina la kinachomtafuna hawezi hata kuomba msaada. Lakini msidhani mkishamfundisha mwonevu mmemlinda njuka. Njuka analindwa na matroni anayepita bwenini usiku na tochi, tena kwa saa zisizojulikana. Mwanangu nimemwambia aende akamwombe radhi yule mtoto mbele ya wazazi wake. Ananuna, na mimi sijalegeza, ingawa juzi nusura nilegeze.

Mwaka juzi, stendi ya Makambako, nikisubiri basi, mama mmoja aliyevaa nadhifu kuliko mimi alinisogelea, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, dada." Niliitambua sauti kabla ya sura. Nikaitikia marahaba, ikanitoka kama zamani, na yeye akachukua mkoba wake akaenda kukaa benchi la mbali.