Maswali ya Wasomaji: Mashua ndogo ya tanga ya kutembelea ziwani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61, na ninaishi Mwanza. Nililelewa Pangani, na utotoni nilisafiri sana katika mashua ya baba yangu mdogo, kwa hiyo tanga si kitu kigeni kwangu ingawa sijalishika kwa miaka 40. Jirani yangu anayehama nchi anauza boti yake ya faiba ya aina ya Laser pamoja na kitoroli chake, kwa bei ninayoimudu. Ninataka chombo cha kutoka nacho asubuhi na kurudi mchana, mara nyingine nikiwa na mjukuu wangu wa miaka 9. Je, niinunue? Na chombo cha namna hii hutunzwaje ziwani?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Kwa jinsi ulivyoeleza haja yako, ninakushauri usiinunue, ingawa yenyewe ni boti nzuri. Laser ilichorwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeshindana. Ina urefu wa mita 4.23, umbo lake tupu lina uzito wa kilo 59 hivi, na tanga lake moja lina mita za mraba 7. Wepesi huo ndio sifa yake na ndio taabu yake, kwa sababu farumi pekee iliyomo, yaani uzito wa kukituliza chombo, ni mwili wa nahodha. Upepo ukizidi, inakubidi ukae ukingoni, uchomeke miguu chini ya mkanda uliofungwa sakafuni na kuutupa mgongo nje juu ya maji. Na kila unapopiga bisho, yaani unapogeuza chombo upande mwingine ili kwenda kinyume na upepo, unakunja magoti, unainama chini ya boriti ya tanga na kuhamia upande wa pili kabla boti haijakulalia. Kijana wa miaka 20 huufurahia mchezo huo. Boti hiyo hupinduka mara kwa mara, na anayeizoea huinyanyua tena kwa kusimama juu ya ule ubao wa katikati unaoshushwa majini, lakini sioni utafanyaje hivyo huku unamtafuta mjukuu.

Tafuta chombo kipana cha mita 4.5 hadi 5, ambacho watu hukaa ndani yake na si juu yake. Wayfarer, kwa mfano, ina mita 4.82, na mwaka 1963 Mwingereza Frank Dye aliendesha moja kutoka Uskoti hadi Iceland, safari ambayo simshauri mtu yeyote kuirudia. Usipoipata, mwone fundi wa mashua huko huko Mwanza akuundie ya mbao ya kadiri hiyo, yenye tanga la pembetatu na foromali fupi, ule mti unaobeba tanga, kwa sababu mikono yako itakumbuka henza na demani, zile kamba za kutweka na kuongozea tanga, upesi kuliko unavyodhani. Lililo kubwa ni kwamba wewe na msaidizi mmoja muweze kukishusha chombo majini na kutweka tanga bila kuita mtaa mzima. Nimeona vyombo vizuri vikiozea chini ya miembe kwa sababu kila safari ilihitaji watu sita.

Kama hata hivyo moyo wako umekwisha kuipenda ile Laser, mwombe jirani ndoo moja ya maji. Jaza maji katika tundu linaloingia mlingoti, mnywe chai, kisha mrudi mkatazame: maji yakiwa yamepungua, tundu linavuja ndani ya umbo la boti na mlingoti unaweza kung'oka siku ya upepo. Kisha bonyeza sakafu kwa kiganja, pande zote, na pale inapobonyea na kulia ujue faiba imeachana na kilichomo chini yake. Mwisho, kwaruza kwa ukucha uzi wa mshono wa tanga. Ukikatika kama ugwe mkavu wa mgomba, jua limekwisha kulila.

Ziwa nalo lina saa zake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo hutoka bara kwenda ziwani, ule ambao kwenu Pangani huitwa umande. Jua likishapanda upepo hugeuka, ukavuma kutoka ziwani na kuzidi nguvu alasiri. Kwa wewe uliye ufuko wa kusini hiyo ni neema, kwa kuwa utatoka na umande na kurudi na upepo wa ziwani nyuma yako bila kupiga bisho hata moja. Ila upepo wa usiku hutoka kila upande wa ziwa na kukutana katikati, na ndiyo sababu dhoruba za radi za Ziwa Victoria hupiga zaidi usiku na alfajiri. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ukiamka ukaona ukuta mweusi upande wa ziwa, rudi kalale. Jaketi okozi livaeni tangu ufukoni. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220, kilikuwa karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, ziwani humu humu. Kumbuka pia kwamba mawe ya Mwanza unayoyaona juu ya maji yana ndugu zake chini ya maji.

Kuhusu utunzaji, maji baridi yana unafuu mmoja, kwamba hayana wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, waliokuwa wakimlazimu baba yako mdogo kupaka deheni, yale mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Adui wa ziwani ni maji ya mvua yanayolala ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, ambayo huozesha mbao upesi kuliko maji ya chumvi. Kifunike chombo, kiinamishe ili maji yatoke, na usiliache tanga juani hata kwa mchana mmoja usiolitumia.

SWALI: Ninaishi Kisumu na nina boti ndogo ya tanga. Gugumaji hunifungia njia, na ninaogopa kichocho ninapoisukuma boti majini. Nifanye nini?

JIBU: Gugumaji husafiri na upepo, kwa hiyo ghuba iliyo wazi asubuhi inaweza kuzibwa kabla hujarejea. Boti ya tanga haiwezi kulipasua, kwani usukani na ubao wa chini hunasa, hivyo beba kafi na ujue mahali pa pili pa kutia chombo. Kichocho hutokana na konokono wanaokaa penye maji ya kina kifupi na majani, na vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi, hasa jua likiwa kali. Ushushe boti asubuhi, penye mchanga au mawe badala ya matete, uvae buti ndefu za mpira, ujifute mara tu unapolowa, na upimwe hospitali kila mwaka; dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inatibu. Katika matete hayo hayo, alfajiri na jioni, huwa kuna viboko.

SWALI: Je, Kigoma nako mambo ni hayo hayo?

JIBU: Si yote. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini mashariki hukusanya mawimbi kutoka mbali, kwa hiyo miezi hiyo usitoke nje ya ghuba. Tena kina chake, kinachofika mita 1,470, huanza karibu mno na ufuko. Amari, yaani kamba ya nanga, ya mita 20 inayotosha kabisa Mwanza huenda ikaning'inia bila nanga kugusa chini, basi ukitaka kupumzika uvute chombo mchangani.