Kabla ya kuuliza bei, mpasue samaki

Ukifika sokoni usianze na bei. Anza na uti wa mgongo. Kwa miaka yote niliyokaanga samaki wa kuuza hapa Tanga, hakuna kilichonifunza habari za bahari kama kisu cha mpara samaki, ndiyo maana leo nazungumza na sisi wanunuzi. Wavuvi wamesemwa vya kutosha, na samaki asiye na mnunuzi hakuna atakayejisumbua kumfuata.

Baruti kwanza, maana ndiyo iliyochafua jina la mji wetu. Uvuvi wa mabomu umepigwa marufuku Tanzania tangu 1970, lakini kwa miaka mingi mlipuko ulisikika mchana kweupe na watu wakaendelea na kahawa zao. Doria za miaka ya karibuni zimeupunguza sana, ila kupungua si kwisha. Samaki wa baruti kwa nje anaweza kukuhadaa, akaonekana mzima kabisa. Mpasue. Utakuta damu imevilia kandokando ya uti wa mgongo, pengine uti wenyewe umevunjika, kibofu cha hewa kimepasuka, matumbo yamevurugika hata hujui kipi ni kipi. Nyama ukiibonyeza inabonyea na kubaki hivyo hivyo. Ukimtia kwenye mafuta anamomonyoka, unabaki kuokota vipande kwa mwiko. Huyo hata biashara hafai, achilia mbali mengine.

Na hayo mengine ndiyo makubwa. Samaki wengi wanaouawa na bomu huzama, mvuvi anaokota wachache tu. Mwamba nao unageuka kifusi. Tumbawe gumu lile la mviringo hukua kama sentimita moja hivi kwa mwaka, kwa hiyo kilichovunjwa asubuhi moja mjukuu wako anaweza asikione kimerudi.

Mimi husema tu, "Kaka, mpasue mmoja nione." Mwenye samaki safi anapasua huku anapiga soga. Mwingine hununa: "Mama, leo umekuja kununua au kukagua?" Yote mawili. Nikiiona ile damu nasogea meza ya pili, sigombi wala sitangazi. Wakaanga samaki tukifanya hivyo wengi, habari zinamfikia dalali zenyewe, na dalali ndiye anayejua nani kaleta nini.

Pweza naye ana mambo yake, na hapa wanaume wa supu mnisikilize. Sheria ya Tanzania hairuhusu kuvua pweza asiyefika gramu 500. Jike hutaga mara moja tu maishani. Huyalinda mayai yake pangoni bila kula, yakianguliwa naye anakufa. Ukimla mdogo umekula kizazi ambacho hakijaanza. Na ni mnyama anayekua haraka ajabu, akiachwa miezi michache uzito wake ni mwingine kabisa. Kijiji cha Andavadoaka kule Madagaska walilitumia hilo mwaka 2004: wakafunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, walipofungua wakakuta pweza wa haja. Baadaye Kisiwa Panza, Pemba, nao wakaanza kufunga. Sisi wa sokoni kazi yetu ni mizani. Asiyefika nusu kilo simnunui hata akipunguzwa bei, na nikiambiwa "lakini mdogo ndiye laini," najibu kwamba mkubwa naye hulainika akipigwa vizuri na kuchemshwa taratibu. Uvivu wa jikoni usitumalizie bahari.

Kasa sitamzungumza sana. Kumvua ni kosa kisheria, na hata mayai yake hayaguswi. Kwa anayedhani sheria ni maneno ya ofisini, Machi 2024 huko huko Kisiwa Panza watu tisa walifariki baada ya kula nyama ya kasa, wanane kati yao watoto. Sumu ile haiondoki kwa moto wala kwa ndimu. Akikuletea mtu, hata awe shemeji yako, kataa.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Bara tangu Juni 2019, lakini vile vinailoni vyepesi vya kufungia bado unavikuta vikielea ufukweni. Beba kapu la ukili na bakuli lenye mfuniko. Basi.

Sasa gumu lenyewe: pesa. Changu na tasi wazuri ni ghali, na kusi likianza kuvuma vyombo vidogo havitoki kila siku, samaki wanaadimika, ndipo na mikono yetu inalegea. Ndipo vinapoletwa vile vichanga vya wavu wa juya, samaki wa urefu wa kidole, fungu kwa bei ya kutupa. Juya hukokotwa juu ya majani ya bahari, na majani hayo ndiyo kitalu cha hao changu tunaowataka. Kipindi hicho meza yangu hubadilika. Nakaanga vibua na dagaa, samaki wa maji ya wazi wanaozaana haraka, naongeza muhogo na kachumbari, na bei ya kipande cha changu naipandisha bila haya. Wateja hulalamika, hasa wale wa kukopa. Nawaambia wale vibua kwanza, changu tutaonana kaskazi likirudi.