Fundi wa Boti Anajibu: Betri kwenye mashua ya tanga, ikae wapi na ifungwe na nini

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nipo Igombe, nina mashua ya tanga ya mita 6 hivi, nabeba mizigo midogo midogo na siku zingine natega sangara. Nimeweka betri ya maji N70 kwa ajili ya taa na kuchaji simu, nimeikalisha kule tezini (nyuma ya mashua) chini ya benchi na kuifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli. Juzi tunarudi kutoka Ukerewe upepo ukatubadilikia, mashua ikalala, betri ikachomoka ikaenda mpaka upande wa pili, asidi ikamwagikia nyavu na ikamuunguza kijana wangu mguuni. Nyavu sasa ukizishika tu zinakatika. Kuna mtu kaniambia niongeze mipira iwe mingi, ni kweli itasaidia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kijana. Kama bado kidonda kinauma au kimebadilika rangi mpeleke zahanati, usikipake dawa ya meno wala mafuta. Na siku nyingine ikitokea ni maji tu, maji mengi, bahati nzuri mko juu ya ziwa zima la maji, mmwagie dakika 20 bila kuacha na nguo iliyolowa asidi mumvue hapohapo. Ikiingia machoni ni hivyohivyo, alafu moja kwa moja hospitali hata kama anasema anaona vizuri.

Sasa mipira. Hapana, usiongeze. Kazi ya mpira ni kuvutika, na N70 ikijaa maji yake inakaribia kilo 20, sasa mashua ikilala ghafla zile kilo 20 zinaanza kutembea, mpira unaziachia njia kwanza, na mzigo ukishapata mwendo hakuna tyubu ya kuusimamisha. Hapo bado jua halijaupasua na asidi haijaula, na vyote viwili ziwani vipo kila siku.

Mimi watu wakiniuliza habari ya kufunga betri huwa nawauliza kitu kimoja tu, mashua ikipinduka kabisa, mkuku (ule uti wa chini wa mashua) juu, mlingoti chini, betri yako itakuwa wapi? Kama jibu ni "itadondoka" basi hujafunga, umeiegesha. Wengi wanafunga kwa kuangalia mashua ikiwa imetulia pale Mwaloni, wakati betri haisumbui pale, inasumbua katikati ya mkondo saa tisa mchana upepo wa ziwani umechachamaa na wewe mikono yote ipo kwenye kamba ya tanga.

Kwaiyo anza na mahali. Tezini itoe. Betri ikae chini na katikati, karibu na mguu wa mlingoti, juu ya mstari wa mkuku, maana ule ni uzito na uzito ukiwa chini katikati unakusaidia mashua isilale hovyo, ukiwa tezini unaikalisha mashua matako na inakuwa nzito kugeuka. Ila isikae kwenye maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya mashua, inyanyue na vipande viwili vya ubao ili ukichelewa kukumba maji yapite chini yake.

Alafu itengenezee kitanda. Chukua dumu la lita 20 lile la njano, likate upande mmoja mpana ulilaze, unapata trei ambayo asidi hailiwezi, maana plastiki ile inastahimili. N70 inaingia, lakini pima kwanza na yako kabla hujakata, na mwenye N100 atafute beseni au boksi refu la plastiki kwa sababu ile ni ndefu. Kuzunguka hilo trei pigilia vizuizi vya mbao pande zote nne vikabane kabisa. Nimesema pigilia ila namaanisha bolti au skrubu ndefu zinazoingia kwenye mataruma (zile mbavu za mashua), sio misumari na sio kwenye ubao wa sakafu, ubao wa sakafu wenyewe mashua ikipinduka unaelea na kuondoka zake.

Mkanda sasa. Tafuta ile mikanda ya kukazia mizigo ya malori, ya polista, kwenye maduka ya spea inapatikana, chukua miwili. Nailoni usichukue, asidi ya betri inakula nailoni na ndo maana nyavu zako zinakatika zenyewe, zile hata uzioshe vipi haziponi, weka pembeni. Kila mkanda upite juu ya betri na uende chini ukafungwe kwenye taruma, mmoja mbele mmoja nyuma. Ile bizimu ya chuma ya kukazia mkanda iweke ubavuni. Nimeshaona mtu kaikalisha juu katikati ya vichwa viwili, yaani chanya huku hasi kule na chuma kinaning'inia katikati, siku ikigusa vyote viwili ni cheche kubwa mpaka chuma kinakuwa chekundu.

Vichwa vya betri vivishe kofia za mpira, hapa sasa tyubu ya baiskeli ina kazi, kata kipande kifunike chanya vizuri. Spana ikidondoka isikute chuma kitupu.

Ukimaliza jaribu. Kamata betri kwa mikono miwili uivute kwa nguvu kama unang'oa muhogo, mbele, nyuma, kushoto, kulia, na juu pia. Viwango vya boti vya Marekani, vile vya ABYC, vinataka betri isisogee zaidi ya sentimita 2.5 ukiivuta kwa nguvu kama ya kilo 40 hivi. Sisi huku hakuna atakayekuja na mizani ila mkono wako unajua, ikicheza kidogo tu kaza upya.

Kitu ambacho hujaniuliza ni fyuzi. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 18 hivi kutoka kichwani. Watu wanaiweka kule kwenye taa, sasa waya ukichubuka njiani kwenye taruma fyuzi ya kule mbele inalinda nini? Kwa taa za LED na simu, fyuzi ya ampia 10 na waya wa milimita 2.5 inatosha.

Na usiifungie kwenye boksi lisilopumua. Betri ya maji ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, ikifika asilimia 4 tu kwenye hewa inaweza kulipuka, na kwa kuwa ni nyepesi inapanda juu, kwaiyo matundu yawe juu. Sigara na karabai vikae mbali muda sola inachaji. Karabai hasa, naona wavuvi wa dagaa wanaoweka akiba ya karabai pembeni ya betri, jamani.

SWALI: Fundi habari. Mimi niko Nansio, nikinunua betri ya lithiamu ambayo haina maji si nitakuwa nimemaliza tatizo la kufunga?

JIBU: Nzuri dada yangu. La kumwagika umemaliza, la kufunga bado. Lithiamu ya 100Ah ina kama kilo 12 wakati ya maji ya ukubwa huohuo inakaribia 30, ni nafuu kubwa, lakini kilo 12 zikikupiga kifundo cha mguu utaniambia. Funga vilevile. Hakikisha ina BMS ndani (kile kifaa cha umeme kinachoilinda betri), chaja ya sola iwe na mpangilio wa lithiamu, na usiiunganishe sambamba na ile ya zamani ya maji eti upate nguvu zaidi. Jua pia kwamba BMS inaweza kukata umeme ghafla bila taa kufifia kwanza, kwaiyo tochi ya mkononi usiiache nyumbani.

SWALI: Nimesikia betri ikiingia maji inatoa gesi ya sumu. Ni kweli? Msomaji, Luchelele.

JIBU: Hiyo ni ya baharini. Maji ya chumvi yakifika kwenye umeme wa betri yanatoa klorini, na kwenye chumba kidogo cha boti inaua. Ziwa letu ni maji baridi, hilo halikuhusu sana, mpaka siku ukihamia Tanga. Ila betri ikizama huku usiiguse kavukavu, vaa glavu za mpira, toa hasi kwanza ndo ufuate chanya (kurudisha ni kinyume, chanya inatangulia), kausha, na kama maji yameingia kwenye vyumba vya ndani usiichaji tena. Asidi iliyobaki kwenye mbao mwagia magadi au baking soda mpaka iache kutoa povu, alafu suuza. Kwa nje tu lakini, ndani ya betri usitie.