Povu chini ya mabati: tupulize au tuache?

*Nakaa Kisauni, Mombasa, paa ni mabati. Kaskazi ikiingia, kuanzia adhuhuri sebuleni hakukaliki. Fundi ataka kupuliza povu la kuzuia joto chini ya bati. Nimruhusu? (Baba wa watatu)*

Ngoja kwanza. Panda darini saa nane mchana, kiganja ukikaribishe kwenye bati bila kuligusa. Vukuto hilo ndilo linalowashukia. Povu ni kemikali mbili zinazokutana kwenye mdomo wa bomba, zikafura na kuganda, na joto hulizuia kweli. Hapo sina ugomvi nalo. Ila likishashikana na bati halibanduki. Upepo wetu una chumvi, bati huanza kuliwa penye misumari. Siku likivuja, maji hutambaa nyuma ya povu yakatokea chumba kingine kabisa, na mbao zaoza hukuzioni. Uingereza baadhi ya benki hukataa kukopeshea nyumba yenye povu paani, kwa kuwa mkaguzi hawezi kuziona mbao. Na mchwa wa Kisauni wapenda sana pa kujificha.

Anza na rangi nyeupe juu ya bati, dari chini, na matundu ya hewa pande mbili za paa. Ukiongeza foili ya alumini, uso unaong'aa uelekee kwenye nafasi tupu ya hewa. Ikibanwa katikati ya vitu haina kazi.

*Na kwenye makuti? (Kijana wa Likoni)*

Hapana. Povu hushika moto, makuti ndiyo usiseme.

*Nyumba ya marehemu babu iko Mji wa Kale, kuta za mawe. Mwanangu asema tupulize kuta za ghorofani kwa ndani. (Bibi)*

Shikamoo bibi. Mwambie mwanao aziache kuta. Mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa povu unyevu hukwama ndani. Tena unene ule wazuia joto tangu zamani. Joto la ghorofani, aliangalie paa. Na mtaa huo umehifadhiwa, aulize ofisi ya hifadhi kabla ya kugusa kitu.

*Chumba chetu Bamburi kiko chini ya zege la paa, na kiyoyozi chala stima. Mtoto ana pumu.*

Hapa povu lina hoja: zege hulimbika jua la mchana likakutemea usiku. Chagua povu gumu la vitundu vilivyofungwa. Lile laini hunyonya unyevu kama sponji. Zege likaguliwe kwanza lisiwe linavuja, na povu lifunikwe kwa jipsamu kwa ajili ya moto. Mvuke wake ukiwa mbichi huchokoza pumu vibaya, kwa hiyo mtoto alale kwa shangazi, si usiku mmoja tu, na harufu iishe kabisa kabla hajarudi. Fundi mwenyewe hupaswa kuvaa barakoa ya kuletewa hewa safi kwa mpira. Akija na kitambaa puani, mpe chai, kisha umfungulie mlango.