Kabla hujang'oa themostati

Gari likichemsha hapa Arusha, mafundi wengi watakuandikia dawa moja: "Ng'oa themostati, hiyo ni ya nchi za baridi." Ni ile valvu ndogo inayozuia maji ya injini yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Nilikubali. Noah yangu ilikuwa imenisumbua wiki mbili, fundi akaing'oa na kunikabidhi mkononi kama jino bovu.

Wanaosema hivyo wamesahau Julai yetu. Asubuhi mshale wa joto ulikuwa haupandi mpaka nimefika mjini kutoka Usa River, na petroli ikaanza kuisha haraka, maana injini ikiwa baridi kompyuta yake huizidishia mafuta. Ningevumilia kama kuchemsha kungekoma. Lakini Jumamosi moja tunakwenda msibani Karatu, tukaanza kupandisha ule mlima wa Mto wa Mbu, mshale ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Shangazi yangu, aliyekaa mbele, alijua kabla yangu. Injini ya Noah hii iko chini ya kiti. "Baba, mbona kama nimekalia jiko?"

Niliwasha hita yote, maana nayo huvuta joto la injini; ikatutoa jasho sote lakini mshale ukashuka kidogo, nikapata pa kuegesha. Kijana mmoja akaja mbio na ndoo ya maji. Nikamshukuru, nikamzuia. Maji ya baridi kwenye injini ya moto huweza kupinda au kupasua silinda hedi (kile kichwa cha juu cha injini), na mfuniko wa rejeta ukifunguliwa wakati ule hukurushia mvuke usoni. Tulikaa kama saa nzima chini ya mti, tukila ndizi.

Kesho yake nilifungua mbele mwenyewe. Kati ya kondensa ya AC na rejeta palikuwa na zulia: vumbi, mbegu za nyasi, mabawa ya kumbikumbi. Ukiangalia kwa nje huoni kitu. Mlimani gari linakwenda taratibu, upepo hautoshi, kazi yote ni ya feni, nayo ilikuwa inavuta hewa kwenye zulia. Tena kava la plastiki linaloizunguka feni halikuwepo. Kuna mtu alilifungua zamani akaona halina kazi. Bila hilo feni huvuta hewa ya pembeni, haipiti kwenye rejeta. Safisha kwa maji ya bomba ya kawaida, ukitokea upande wa injini kuelekea nje. Ile mashine ya presha ya kuoshea magari inalaza mapezi yote, vile vibati vyembamba vya rejeta.

Halafu mfuniko wa rejeta. Mpira wake ulikuwa umepasuka kama kisigino. Kwenye mwinuko wa Arusha, mita 1,400 hivi, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi kama 95, si 100, na themostati nyingi hufunguka kati ya 82 na 88. Nafasi iliyobaki ni finyu. Mfuniko usio na ubovu ndio unaobana presha na kusogeza kiwango cha kuchemka juu ya nyuzi 115. Nunua wenye namba ileile ya presha iliyoandikwa juu ya ule wa zamani, 0.9 au 1.1. Ukiweka wenye namba kubwa zaidi, unaweza kupasua hosi.

Ndani nilikuwa naweka maji ya bomba, yakatoka mekundu kwa kutu kama chai ya rangi. Sasa naweka kulanti, dawa ya kupozea injini inayozuia kutu, nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri (si asidi!). Rangi ya kulanti isikudanganye, soma kopo. Themostati mpya imerudi mahali pake.

Wengi huharibu kwenye kutoa hewa. Noah hii ina mabomba marefu kutoka rejeta ya mbele hadi injini, hewa inajificha humo. Jaza pole pole injini ikiwa baridi, kisha washa, hita ikiwa kwenye moto kabisa, mfuniko wazi, uongeze kila kiwango kikishuka mpaka mapovu yaishe. Ukisikia maji yanakoroma nyuma ya dashibodi, hewa bado imo. Zima, subiri ipoe, rudia.